Mashine Iliyomkataa Wegesa

Naitwa Robi. Sikusoma, kwa sababu baba yangu aliona shule ya msichana ni kulisha ng'ombe wa mtu mwingine. Nilipofika miaka kumi na sita, mwanamke mmoja aitwaye Wegesa alileta ng'ombe kumi na wawili kwetu. Baba akawakagua meno, akaridhika, nikawa mke wa Wegesa.

Wasiotujua hushtuka wakisikia hivyo. Sisi Wakurya tunaita nyumba ntobu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe wake, anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili mji, yaani kaya yake, usife. Watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake na wanabeba jina lake. Wegesa alikuwa mjane, watoto wake wawili wa kike walikuwa wamekufa wadogo. Nilimzalia wanne. Mwanaume aliyewazaa hana nafasi katika habari hii, maana hakutoa hata mbuzi.

Sisemi nilichagua. Nilikabidhiwa kama jembe linavyokabidhiwa, na uchungu wa jambo hilo ninao mpaka leo. Lakini Wegesa hakunipiga hata siku moja, na katika kijiji chetu, huko juu ya Nyamwaga, wako wanawake wengi walioolewa na wanaume ambao hawawezi kusema hivyo. Tulilima pamoja. Aliponioa tulikuwa na nyumba moja ya udongo. Nilifyatua tofali kwa mikono hii mpaka zikawa nyumba tatu za bati, na migomba mpaka chini kwenye kijito.

Kisha mgodi wa dhahabu ukautaka mteremko wetu.

Hiyo ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Kila mtu alikuwa amepata wazimu wa dhahabu. Waliokuwa na mawe waliponda mawe, na wasiokuwa na mawe walifanya tegesha: unasikia eneo litachukuliwa, unasimamisha kibanda haraka, unachomeka miti, unangoja kulipwa. Kuna watu walijenga vyumba visivyo na mlango. Kwa hiyo mgodi uliajiri kampuni ya wathamini kuhakiki nani ni mwenyeji wa kweli. Mwenyeji angepewa shamba na nyumba upande wa pili wa mto, na hati yenye jina lake. Hati ndiyo niliyoitaka. Nyumba naweza kujenga mwenyewe, lakini hati ingewafanya watoto wangu wasifukuzwe na mjomba wala shangazi baada ya sisi kufa.

Ofisi ya wathamini ilikuwa ndani ya kontena. Tulikwenda mimi na Wegesa, yeye na fimbo yake, mimi na kiti chake kichwani kwa sababu pale hapakuwa na pa kukaa. Karani alikuwa kijana Mjaluo wa Shirati, anaitwa Oduol. Mbele yake palikuwa na kompyuta nene kama kabati, rangi yake imegeuka kuwa ya mahindi ya zamani. Ilinguruma. Ubavuni alikuwa ameigongea kipande cha mti ili isitikisike.

"Shikamoo mama," akamwambia Wegesa. "Mume wenu yuko wapi?"

"Mume ni mimi," Wegesa akasema.

Oduol akacheka, akaona hatucheki, akaacha. Kwao wana mila zao na hii yetu alikuwa ameisikia. Akaandika: mwenye mji, Wegesa, mwanamke. Mke, Robi, mwanamke. Akabonyeza. Mashine ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa, na kioo chote kikawa bluu.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa nini?"

"Imekataa ninyi, mama. Ukiandika mke, inataka mume awe mwanaume. Na ikikataa, inajizima. Sasa tusubiri iwake."

Tulisubiri muda wa kuchemsha maharage. Ilipowaka akajaribu tena, ikajizima tena. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kunung'unika.

"Mwanangu," Wegesa akamwambia, "si ubadilishe hicho kitu? Kwa mgodi unaotoa dhahabu, mnakosa kompyuta nzuri?"

"Mpya zipo tatu, mama. Ziko kwenye maboksi pale." Akaonyesha pembeni, na kweli maboksi yalikuwepo, mtu ameweka juu yake sufuria ya chai. "Programu ya uthamini ilitengenezwa zamani na bwana mmoja, akaondoka na ufunguo wake. Kwenye kompyuta mpya haifunguki. Inakubali mfumo huu tu, wa mwaka tisini na nane. Kwa hiyo tunaubembeleza."

"Kwa hiyo ni kizee kama mimi," Wegesa akasema, "ila chenyewe kinasikilizwa."

Foleni yote ikacheka. Ndipo Oduol akapata wazo, na nasema kwa haki, alilipata kwa moyo mzuri. "Mama, nikuandike mwanaume? Ni herufi tu. Mradi mji uingie."

Wegesa akajitazama kifuani. "Niandike. Kazi za mwanaume nimezifanya miaka thelathini bila kuandikwa."

Mashine ikatukubali mara moja bila hata kulia. Tukarudi nyumbani tunatembea kama watu waliotoka kanisani.

Miezi minne baadaye ukaja uhakiki. Kila mwenye mji alipaswa kuleta kadi ya kupigia kura. Kadi ya Wegesa ilisema mwanamke na karatasi ya mashine ilisema mwanaume. Aliyehakiki hakuwa Oduol, alikuwa bosi wake, mtu wa kutoka mbali aliyevaa kofia ya plastiki hata ndani ya kontena. Akatazama kadi, akamtazama Wegesa.

"Huyu mwanaume yuko wapi?"

"Ndiye huyu," nikasema.

"Mama, usinichezee. Nimeona tegesha za kila aina, nimeona mtu amepanda kahawa iliyokatwa jana, lakini tegesha ya mume sijawahi kuiona."

Oduol alijaribu kueleza. Bosi akamwambia anyamaze. Akasema mji wetu hauna mwenyewe mpaka aletwe mwanaume, na faili zote zifungwe kabla mwezi haujaisha. Nilimwuliza mbona asirekebishe herufi moja. Akasema kwenye mfumo ule jina likishaingia halifutiki, unaweza tu kuongeza. Mimi nisiyesoma nilijua kwamba kitabu kisichofutika hupasuliwa ukurasa, au huandikwa kingine. Yeye mwenye kofia hakujua.

Habari za mji usio na mwanaume hazikai siku mbili. Siku ya tatu akaja Nchagwa, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Wegesa. Huyu Nchagwa hakuja nilipojifungua, hakuja kiangazi ng'ombe wetu walipokufa, hakuja hata bati lilipopeperuka. Siku hiyo alikuja na sukari kilo mbili.

"Mama mdogo," akamwambia Wegesa, "nimesikia mnasumbuliwa. Mimi niko. Damu ni damu."

"Damu yako ilikuwa wapi?" nikamwuliza.

"Robi, wewe uliletwa hapa na ng'ombe. Usijibu watu wa ukoo."

"Ng'ombe hao walikuwa wako?"

Akausogeza mfuko wa sukari mbele. Wegesa alichukua sukari akasema asante, maana sukari haina kosa, kisha akamwonyesha njia. Tulidhani yameisha.

Wiki iliyofuata nikaitwa kontenani peke yangu kuweka dole gumba. Oduol hakuniangalia machoni. Alinisogezea karatasi na kidau cha wino. Nikamwambia anisomee. Akasoma polepole: mwenye mji, Nchagwa, mwanaume. Mke, Robi. Watoto wanne.

"Mke wa nani?"

"Ni kwa ajili ya mashine tu, mama. Nchagwa alikuja na kadi yake, bosi akasema aongezwe. Ukiweka dole hapa, mji wenu unaingia kwenye orodha, mnahamishwa na wenzenu."

"Na hati itakuwa na jina la nani?"

Akaanza kupanga upya karatasi zake.

"Oduol, nakuuliza wewe uliyemwamkia Wegesa. Na hati?"

"La Nchagwa."

Nchagwa mwenyewe alikuwa nje, ameegemea pikipiki, amevaa koti. Alikuwa ameshajiona amehamia. Nikahisi kwa mara ya pili maishani kwamba mtu mwingine anakagua meno ya ng'ombe wakati mimi nimesimama pembeni. Ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwa na mdomo. Nikauliza: "Na nisipoweka dole?"

"Bila dole la mke fomu ya mwisho haitoki. Mashine haitaitoa."

"Hata bosi akitaka?"

"Hata akitaka."

"Basi leo mashine yenu na mimi tumepatana," nikasema. Nikafunika kidau kwa kifuniko chake na kutoka. Nchagwa akasimama. "Umeweka?" Nikamwambia kama anataka mke akatafute ng'ombe, na awe tayari kukaguliwa meno yeye.

Nilitukanwa na kijiji kizima. Walisema nimewanyima watoto nyumba ya saruji kwa kiburi. Binti yangu mkubwa, Agustina, alilia, akaniuliza jina kwenye karatasi linauma nini. Nikamwambia: "Linakuuma wewe, siku utakayotaka kurudi nyumbani ukakuta mlango wa Nchagwa." Wegesa hakunilaumu. Alisema tu kwamba ng'ombe wake kumi na wawili hawakupotea bure.

Wenzetu walihama mmoja mmoja. Mwishoni mwa mwaka likaja tingatinga. Lilianza kwa Waitara, jirani yetu aliyehama, likamaliza nyumba yake kabla ya saa nne, kisha likageuka kuja kwetu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga. Msimamizi akashuka na karatasi mkononi, akatafuta kwa kidole, juu, chini, akageuza nyuma.

"Mama, namba ya mji huu ni ngapi?"

Nikamwambia. Akatafuta tena.

"Haimo."

"Najua haimo."

"Basi hapa hakuna nyumba."

"Ndiyo hivyo," nikasema. "Kwenye mashine hakuna nyumba. Sasa wewe utabomoa nini?"

Akapiga simu. Nilimsikia bosi akifoka ndani ya simu, na msimamizi akijibu kwamba mkataba wake unasema abomoe vilivyo kwenye orodha tu, akibomoa kisichokuwemo analipa yeye. Walibishana mpaka mboga zangu zikaisha. Dereva wa tingatinga akazima, akaomba maji ya kunywa. Wegesa akampa, akamwambia, "Kunywa mwanangu, unakunywa kwa watu wasiokuwepo."

Waliweka uzio wa waya ukatuzunguka pande tatu. Vumbi la mgodi linaingia mpaka kwenye chungu, na mlipuko wa mchana unapasua kuta ambazo nazikandika tena. Sisemi tunaishi vizuri. Mara mbili wameleta watu wa kunishawishi, na mara zote nimewauliza swali moja: hati itaandikwa Wegesa, mwanamke, na baada yake Robi, mwanamke? Wanasema mfumo bado. Nawaambia na mimi bado.

Masika yalipofika nilishika jembe nikatoka mpaka kwenye kiwanja cha Waitara, pale tingatinga lilipolainisha udongo. Ardhi nzuri, haina mtu. Mlinzi wa uzio alinipigia kelele kwamba ni eneo la mgodi. Nikamwambia aende akaniripoti, awape jina langu lote, waliandike. Nikapanda mahindi mistari ishirini, mpaka kwenye waya.