Mawe ya Reli Chini ya Triko

Hapana, siogope. Najibu mbele muniulize, juu ile ulizo nayua inakuya: Kaku, na miaka yako hii yote, hauogope kupanda ndeke ya kuruka yulu? Siogope. Niliogopaka mara moya tu, nikiwa mutoto, na ile bwoga ilinitosha kwa maisha muzima.

Njo vile ilianza. Jana mujukuu yangu Divine alileta kantu kadogo kenye ndoano, bananinginiza valize pale, inasema kilo. Tunaenda naye vakansi, kupumzika, Lubumbashi na ndeke, kwa mama yake. Alininginiza valize yangu, akakunja uso sawa mwalimu, akasema na ile sauti yake ya mu pua: "Kaku! Kilo makumi mbili tu, paka! Ikizidi, inabakia!" Minyi nikacheka mpaka nikaikaa chini. Yeye anawaza ninamuchekelea. Acha awaze. Ile neno, ikizidi inabakia, papa yangu alikuwa analala nayo na kuamuka nayo.

Papa alikuwa muntu ya reli, apa Kamina, ku gare, pale treni inasimama, mu chumba ya kupimia mizigo. Kazi yake ilikuwa baskile, ile kipimo kubwa ya chuma. Alikuwa anainua gunia na mukono moya, anafunga macho, anasema: "Makumi ine na mbili." Banaiweka ku baskile: makumi ine na mbili. Hakukosaka. Na kila mwanzo ya mwezi alikuwa ananipandisha minyi pia, katikati ya magunia ya samaki ya kukausha. Mpaka leo nikisikia arufu ya ile samaki, nasimama wima bila kuambiwa. Alikuwa anapiga kelele sawa minyi ni muzigo ya muntu: "Mutoto moya! Mwanamuke! Kilo makumi mbili na tatu! Hakuvunjika!" Gare nzima inacheka. Na muntu akileta kintu yenye kupita kilo, papa anatosha kifua mbele: "Ikizidi, inabakia!" Hata kama ni muke ya pasta.

Bon. Mama ya mama, Kaku yangu minyi, alikuwa anaikaa Kinkondja, ku ziwa. Macho yake ilianza kuzimika. Alituma neno na muchuuzi ya samaki: tuende vakansi kwake, angali anaona sura ya bantu. Siku zote ilikuwa treni mpaka Bukama, kisha masuwa ya ku mayi. Lakini ile mwaka masuwa ilikufa motere. Kulikuwa piloti moya ya misioni, muzungu. Papa alimutafutiaka kisanduku yake yenye ilipotea mu mizigo. Ule piloti akasema atapeleka dawa kule na kandeke kake, na fasi iko ya bantu babili.

Babili. Majirani balikata maneno mbele mama afungue kinywa. "Mwanamuke mu ndeke? Atalia mpaka ndeke igeuke!" Na papa, na karatasi ya kongé, ruhusa ya kupumzika kazi, mukononi: "Njo vile. Minyi na Ngoie tutaenda. Mama atachunga nyumba." Ngoie ni minyi.  Mama alikuwa anafunga kitunga ya mama yake: karanga, chumvi, sabuni, kitenge moya mupya. Anafunga, anafungua, anapanga tena, anafunga.

Minyi nilikufa bwoga. Nilikuwa naonaka ndeke kule yulu, iko kadogo sawa nzi. Nikawaza: kama ndeke yenyewe inakuwa kadogo vile, bantu ya ndani nabo banakuwa badogo, na nani alisema banarudia ukubwa yabo? Musicheke. Hakuna muntu alinielezaka.

Papa akaamua kunizoeza. Kila mangaribi aliweka viti mbili mu lupango, inje ya nyumba, moya nyuma ya ingine, yeye mbele, minyi nyuma. Lakini yeye aliyua paka treni tu. "Fiiiii! Tunatoka Kamina! Shika kiti! Ukisikia kriii, usiogope, ni fren, inasimamisha treni. Bukama, bantu bashuke bakunywe mayi!" Nilianza kuzoea kabisa. Mpaka siku moya nikauliza: "Papa, ndeke inasimamaka wapi katikati?"

 Papa akapanguza shingo. "Ndeke haina gare ya katikati."

"Na muntu akitaka kushuka?"

Akasimama, akabeba viti yake mbili, akairudisha mu nyumba. Ile njo ilikuwa mwisho ya mazoezi.

Basi nikatafuta dawa yangu minyi mwenyewe. Nilisikia piloti anaambia papa kwamba siku ya safari atapima kila kintu, mizigo na bantu. Nikafurahi sana. Minyi, mutoto ya baskile! Ikizidi, inabakia. Reli ilikuwa inapita nyuma ya nyumba zetu, na mawe iko pale ya kutosha, ile nyeusi yenye ncha. Asubui ya safari, na ile baridi ya mwezi ya saba yenye kukata masikio, nilichagua mawe kumi na moya, nikaifunga mu kitambala ya mama, nikazungusha ku tumbo, triko kubwa ya baridi yulu yake. Nilitembea mpaka ku kiwanja ya ndeke sawa bata yenye inatafuta fasi ya kutaga.

Piloti alikuwa na kabaskile kadogo pa majani. Yeye alijifunzaka Kiswahili mu Biblia, kila neno imevaa viatu: "Karibu, mtoto mpendwa. Panda, wala usiogope." Nikapanda. Sindano ikakimbia, ikasimama: makumi tatu na moya.

Papa akaangalia sindano. Akaniangalia mu uso. Akaangalia triko. Alinipimaka siku tatu tu mbele ya pale. Nikafunga macho, nangojea kofi. Papa akakohoa.

"Eh, piloti, batoto ya Kamina banakomeaka, banakuwa bakubwa mbio."

Piloti akaandika, akakuna kichwa. "Ndugu yangu, uzito umezidi. Itabidi mmoja wenu abaki."

Minyi nikainua muguu nishuke, na furaha yangu yote. Lakini papa alikuwa mbio kunipita: "Minyi! Minyi njo nitabakia! Mutoto aende na kitunga, hakuna mambo!"

Mumesikia? Ku gare, kintu yenye kuzidi njo inabakia. Apa minyi nilizidi, na papa njo alibakia! Nikaangalia yulu. Nikaangalia ule muzungu. Minyi peke yangu naye, kule, badogo sawa nzi babili. Nikatoa kilio, nikaruka, na fundo ya kitambala ikafunguka. Mawe ikaanguka ku chuma ya baskile, ka, ka, ka, moya kwa moya, na hakuna hata moya ilijificha.

Piloti akaokota moya, akaigeuza. "Hili si jiwe la reli?" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akanipima tena: makumi mbili na tatu. "Mungu asifiwe! Sasa mnaweza kwenda wote wawili."

Papa hakucheka. Alishika tumbo. "Non, piloti... kuko kintu nilikula jana..." Muntu mwenye anainua gunia na mukono moya!

Ile siku niliyua paka kwamba nimepona kofi. Mpaka nilikuwa na batoto yangu, siku moya namimina chai, njo akili ikanijia: muntu mwenye hakukosaka hata kilo moya, angekosa namna gani kilo munane? Papa aliyua ile mawe tangu sindano ya kwanza. Tulikuwa bantu babili tunajificha nyuma ya kitambala moya. Na ile ingine ilinikawisha zaidi kuiona: mu ile mambo yote, viti, majirani, karatasi ya kongé, hakuna muntu alimuulizaka mama kama yeye anaogopa. Alitusindikiza na muguu, kitunga ku kichwa, sawa anasindikiza bageni kwenda kwabo.

Alienda, mama, yeye na piloti; minyi nilibakia na papa. Alirudi nyuma ya mwezi mbili, pale masuwa ilipona. Kaku alimuona na macho. Minyi nilifika Kinkondja mwaka yenye ilifuata, na Kaku alinipapasa tu na vidole, pua, masikio, akasema niko sawa na mama yangu. Hakunionaka. Na ile mwezi mbili, papa na minyi tulikula bukari, ugali yetu, ya kuungua, tunaangaliana.

Ile asubui pale ku kiwanja, papa angali anashika tumbo, mama hakubishana na muntu. Aliweka kitunga chini. Akavua viatu. Akapanda ku baskile yeye mwenyewe bila kuitwa, akaangalia piloti, hapana papa. Sauti za bantu bote naweza kuziiga, munaniyua. Ile moya tu siwezi. Alisema:

"Pima. Kule ni kwa mama yangu."