Alichosema Mhandisi wa Mabomba

Mlango wa nyuma wa kiwanda ulikuwa na kufuli. Tulikuwa wanawake kama ishirini tumebanana pale, na mabuti yetu ya mpira, tunaugonga ule mlango wa chuma kwa mipini ya visu, na nyuma yetu gesi inatambaa chini kama ukungu mweupe. Ukivuta pumzi, kifua kinaungua. Ukifumbua macho, nayo yanaungua. Mdogo wangu aliyafumbua kwa sababu alikuwa ananitafuta mimi. "Dada! Dada, uko wapi?" Mimi nilikuwa chini, kitambaa cha kichwani nimekigandamiza puani, sauti haitoki. Nilimsikia akiita mpaka akanyamaza.

Kufuli lile liliwekwa ili tusiibe minofu.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia, na Mwanza ilikuwa imejaa Kiingereza ghafla. Sangara anapanda ndege kwenda Ulaya, viwanda vimeota ufukweni, na kila kibao kipya Nyamagana kimeandikwa Kiingereza, hata cha kinyozi. Mimi na mdogo wangu tulivuka na feri kutoka Sengerema, tukapata kibarua cha kukata minofu. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Mwalimu alitufundisha Kiingereza asichokijua, akatuchapa kwa kutokijua, na ndiyo elimu niliyotoka nayo.

Mdogo wangu alimaliza la saba na alikuwa na kiu ya Kiingereza. Gazeti la Kiingereza lililofungiwa maandazi alikuwa akilinyoosha kwa kiganja, mafuta na yote, halafu analisoma kwa sauti ya chini. Alitaka siku moja akae mapokezi kwenye hoteli. Asubuhi tukisimama mezani ananiambia, "Gudi moningi, dada."

"Niamkie kama watu. Mimi ni mkubwa wako."

"Haya basi, shikamoo, bibi kizee."

Msimamizi wetu alikuwa wa sekondari. Kiingereza ndicho kilichompa koti jeupe lenye kalamu mfukoni, na kutwa alituchanganyia maneno tusiyoyajua hata akitaka tu ndoo isogezwe. Mezani kwetu kulikuwa na mama mmoja Mjita, ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa akisema, "Huyu akiota usiku, mkewe anatafuta mkalimani."

Siku moja tukaambiwa tuweke visu chini, tukusanyike uani. Alikuwa amekuja mhandisi wa mitambo ya baridi, Mzungu mwembamba, masikio yameiva kwa jua. Mwenye kiwanda alikuwa pembeni kwenye kiti, amekunja nne. Mzungu akasema. Akasema sana. Mikono inakwenda: anaonyesha mabomba juu, anajishika pua, anaonyesha mlango. Tulipoona anashika pua tukajua anatusema tunanuka samaki, na wengine wakaanza kucheka.

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Kuna neno nimelishika. Amesema mlango."

"Mlango umefanyaje?"

"Sijui. Anakwenda mbio."

Mzungu alipomaliza, msimamizi akasafisha koo. "Mhandisi amefurahi sana na kazi yenu. Anasema muongeze usafi."

Basi. Mama wa Kijita hakuweza kujizuia. "Bosi, mbona yametoka mengi, yametufikia machache?"

"Ndivyo Kiingereza kilivyo, mama. Kina maneno mengi ya bure."

Tukaangua kicheko. Tukapiga makofi, maana mgeni akizungumza kwetu hupigiwa makofi, uelewe usielewe. Mzungu naye akatabasamu, akainamisha kichwa.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku harufu iliposikika. Ilikuwa kali kama mkojo wa ng'ombe kwenye zizi lisilosafishwa. Tuliinusa, tukakohoa, tukaendelea kukata. Mwenzetu mmoja akachukua ndoo, akaanza kumwaga maji na sabuni sakafuni, anasugua kwa bidii. Si tulikuwa tumeambiwa usafi? Bado anasugua bomba likapasuka.

Mhandisi alikuja hospitalini. Mdogo wangu amefungwa bandeji machoni, na huyu mtu amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Nesi ndiye aliyekuwa akitufasiria, tena alisema Kiingereza chenyewe kinampa tabu mgeni yule, kwao wana lugha yao nyingine.

"Anauliza kwa nini hamkukimbia," nesi akasema. "Anasema aliwaambia lile bomba la juu limechoka. Mkisikia harufu inayochoma pua, mwache kila kitu mtoke. Na mlango wa nyuma usifungwe hata dakika moja mpaka bomba libadilishwe."

"Alituambia lini?"

Nesi akamuuliza, akasikiliza. "Siku ya mkutano. Anasema mlielewa. Mlimpigia makofi."

Mdogo wangu aligeuza uso kuifuata ile sauti. "Mlango," akasema. "Dada, si nilikwambia amesema mlango?"

Nilikwenda kwa msimamizi, nyumbani kwake Buzuruga. Mkewe alinipa kiti, sikukaa. Nikamwuliza mbele ya mkewe, aliyafasiri vile kwa nini. Hakukana.

"Dada yangu, mimi ni mwajiriwa. Ningesema bomba bovu, nani angebaki mezani? Mzee aliniambia mapema: usinitishie watu."

Mzee, yaani mwenye kiwanda. Hapo ndipo akili iliponikaa sawa, nimesimama sebuleni kwa mtu. Yule ni mtoto wa Mwanza, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na wapagazi alikuwa akiwatukana kwa Kisukuma. Kiingereza anacho, ndicho anachouzia samaki. Katika ua mzima ule, mbali na msimamizi, ni yeye peke yake aliyesikia hotuba zote mbili na kuzielewa. Na hakukunjua hata mguu.

Mama wa Kijita hakutoka hospitalini. Mdogo wangu alitoka, ila nuru haikurudi. Yuko kwangu Sengerema, anamenya mihogo kwa kupapasa, na mimi nikipanda kilima nasimama mara kwa mara kutafuta pumzi. Mhandisi alirudi kwao. Msimamizi ana shule ya chekechea, watoto wanavaa tai na kuimba Kiingereza. Mwenye kiwanda aliuza, akatajirika kwa mengine, na nimemwona kwa macho yangu akitoka benki, amenenepa.

Watu wananiambia ilikuwa ajali. Wengine, wasomi hao, wananiambia mngesoma yasingewakuta. Kwamba kosa ni letu, kutojua lugha! Kufuli halikufungwa na ujinga wetu. Lilifungwa na mkono wa mtu, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa mtu.

Mhandisi namwuliza: uliposema muda wote ule, ukasikia yakifasiriwa kwa pumzi moja, hukushangaa? Msimamizi nilikwisha kumwuliza, akanijibu, na jibu lake ameliacha kwenye macho ya mdogo wangu. Aliyebaki ni wewe uliyekaa kwenye kiti. Ulisikia kwa Kiingereza kwamba tutakufa, ukasikia kwa Kiswahili kwamba tuongeze usafi, ukanyamaza. Kwa nini? Usinijibu mimi. Panda feri, uje Sengerema, ukae mbele ya mdogo wangu, umjibu yeye.