Kilio Kisicho Chake

Jina la Sikio alibandikwa na wanafunzi, enzi zile akiwa karani wa shule ya sekondari. Dirisha lake lilikuwa dogo, lenye nondo, na kazi yake hasa ilikuwa kupokea barua, kugonga mihuri na kuwaambia wazazi kwamba mkuu wa shule yuko kikaoni. Lakini mwanafunzi aliyefuata ruhusa ya kwenda hospitali alijikuta ameegemea lile dirisha anamweleza habari za baba yake wa kambo, na aliyetumwa chaki alirudi darasani bila chaki, macho mekundu, moyo mwepesi. Sikio hakuwa na maneno mengi. Alisema "ehe" na "pole", huku akiendelea kupanga karatasi zake. Siku moja mkuu wa shule akamwambia, nusu utani nusu kweli, "Wewe unafanya kazi mbili na tunakutambua kwa moja. Nenda basi ukaisomee hiyo ya pili."

Ndivyo mwanamke wa makamo, asiye na mume wala mtoto, alivyojikuta chuo kikuu akisomea saikolojia ya ushauri nasaha, amebanana kwenye madawati na vijana ambao baadhi yao aliwahi kuwagongea mihuri ya vyeti. Waligeuka nyuma na kumwamkia, "Shikamoo, Sikio," wakacheka, naye akacheka nao.

Nadharia hazikumsumbua. Alisoma akipika, akasoma akipiga pasi. Kilichomtoa jasho ni mazoezi. Idara ilikuwa na chumba kimoja cha kazi hiyo: viti viwili vilivyowekwa upande upande ili watu wasikodoleane macho, meza ndogo yenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi, kamera kwenye miguu mitatu, na ukutani kioo kikubwa ambacho ukiwa ndani unajiona mwenyewe, kumbe nyuma yake darasa zima limekaa linakutazama. Mwanafunzi mmoja alikuwa mshauri, mwingine mteja, halafu wakabadilishana.

Mwenzake katika mazoezi hayo alikuwa polisi mstaafu, pande la mtu, sauti nzito, waliyemwita Afande. Siku ya kwanza alipokaa kwenye kiti cha mshauri alimwinamia mteja wake, kijana mmoja aliyeachwa na mchumba, akauliza, "Mara ya mwisho kumwona huyo mchumba ilikuwa wapi, na nani alishuhudia?" Darasa nyuma ya kioo likaangua kicheko hadi kikasikika ndani. Mhadhiri, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti hata kidogo, akaingia na kusema, "Afande, huyu si mtuhumiwa. Mwache apumue." Na mteja alipokaa kimya kwa kukosa la kusema, Afande mwenyewe ndiye aliyetoa mzaha uliodumu mwaka mzima: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Mhadhiri alikuwa na sharti moja. "Msiniletee habari za kutunga," alisema. "Mshauri hajifunzi kitu kwa mtu anayeigiza. Leteni jambo lenu wenyewe, dogo tu, ambalo ukishalisema unaweza kurudi nyumbani ukala na ukalala. Na yatakayosemwa humu yanabaki humu."

Wenzake walileta yao. Mmoja hapati usingizi mitihani ikikaribia. Mwingine hasemezani na anayeishi naye chumba kimoja kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Zamu ya Sikio ikakaribia. Yake alikuwa nayo, tena si madogo, lakini aliyafunika miaka mingi na hakutaka kuyagusa. Mtu ambaye watu wote humwambia ya kwao hazoei kuulizwa ya kwake.

Sasa, Sikio alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliyeolewa mtaa wa pili na mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto huyo walimwita Bosi kwa jinsi alivyokuwa akiwatuma watu wazima. Miezi michache kabla, dada hawa wawili walikuwa wakianua nguo uani, na mdogo mtu, akiwa ameshika shuka mkononi, akasema bila kuulizwa, "Dada, mimi Bosi sikumpenda." Kisha yakamtoka yote. Kwamba alipojifungua kila mtu alishangilia ila yeye. Kwamba mtoto akilia alikuwa anamlaza kitandani, anajifungia bafuni na kufungulia bomba mpaka mwisho, maji yamwagike ovyo, ili asisikie. Kwamba siku moja alivaa viatu, akachukua mkoba, akafika hadi kituoni akitaka kupanda gari lolote lile, ndipo maziwa yakaanza kumtoka na kumlowesha blauzi, akarudi mbio. Mumewe hakujua. Mama yao hakujua.

"Sasa nampenda mpaka naumwa," alisema. "Lakini nikimwangalia naona haya. Usimwambie mtu, Dada."

"Nimwambie nani?" Sikio alijibu, na siku ile alimaanisha.

Zamu yake ilipofika aliketi kwenye kiti cha mteja, Afande mbele yake, kamera imewaka taa nyekundu. Alikuwa ameandaa kaneno kadogo kuhusu kuogopa mitihani. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nilipojifungua, sikumpenda mwanangu."

Wakati ule asingeweza kueleza kilichomsukuma. Alisikia sauti yake ikiendelea: shangwe za watu, bafu, bomba, kituo, blauzi iliyolowa. Afande, kwa mara ya kwanza, hakuuliza ushahidi. Alitulia, akasema tu, "Ulikuwa peke yako na jambo zito." Hapo Sikio akalia, kilio cha kweli kabisa, mabega yakitikisika, hadi boksi la karatasi likamwishia mapajani.

Baadaye mhadhiri alimshika bega. "Umetufundisha ujasiri leo," alisema. Vijana walimpisha mlangoni kama wanavyompisha mama mzazi.

Roho ilimsuta kabla hata hajafika nyumbani, naye akaitafutia kisingizio. Hakutaja jina la mtu. Hapo chuoni hakuna anayemjua mdogo wake. Tena mtoto wa mdogo wake si mwanawe? Bosi mwenyewe anamwita Mama Mkubwa. Kisingizio hicho kilimtosha kwa siku chache. Wiki iliyofuata kikapasuka. Afande alipokaa kwenye kiti cha mteja, aliweka kofia yake magotini na kusema, "Mimi nilikuwa nimeleta habari ya mgongo kuniuma. Lakini baada ya aliyoyasema mama huyu, nitaona aibu kuileta hiyo." Akaeleza habari za binti yake. Alimlea kama mshukiwa: akimpekua mkoba, akimhoji alikotoka, akimfungia nje akichelewa. Binti aliondoka na hapokei simu. "Ule mzaha wangu wa mteja hapatikani," alisema, "mimi nausikia kila Jumapili nikimpigia." Aliyekuwa kwenye kiti cha mshauri siku hiyo ni Sikio. Alisema "ehe", alisema "pole", huku akiitazama ile kofia badala ya uso.

Alikusudia kusema ukweli. Alikusudia wiki ile, akakusudia na iliyofuata. Mwaka ukaisha.

Mwisho wa mwaka idara iliwaalika jamaa za wanafunzi kwa chai ya alasiri. Sikio hakumwalika mtu, lakini mdogo wake alisikia kwa jirani, akaja kwa hiari yake, amevaa gauni lake zuri, amembeba Bosi mgongoni kwa sababu alikataa kutembea. "Unatuficha wasomi wenzako?" alimtania dada yake. "Nimekuja kujivunia, bwana."

Sikio alitafuta njia ya kuwapeleka kona ya mbali. Hakuwahi. Afande alikuwa amekwisha wafikia, ameshika kikombe chake, uso wote unacheka. Akamwinamia mtoto.

"Hujambo, bwana mdogo?"

"Mama Mkubwa, tazama nilivyo mkubwa!" Mtoto alikuwa akimwonyesha Sikio alivyosimama juu ya kiti. Lakini Afande hakulisikia hilo la mama mkubwa, au alilisikia akalipitisha. Alimgeukia Sikio, akateremsha sauti kwa heshima. "Kumbe ndiye huyu. Ndiye uliyekuwa ukimkimbia bafuni, unafungulia maji. Mungu mkubwa, mama. Tazama alivyonawiri."

Mdogo wake alikuwa amesimama karibu kabisa. Sikio alimwona akimtazama Afande, kisha yeye, kisha mtoto. Hakupiga kelele. Uso wake ulikauka tu, kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Aliweka kikombe mezani polepole, akamteremsha mtoto kutoka kwenye kiti.

"Bosi, twende."

"Sijamaliza keki!"

"Twende, mwanangu."

Sikio aliwafuata nyumbani kwao jioni ileile. Shemeji yake alikuwa bado kazini. Mdogo wake alikuwa jikoni, anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nisamehe," Sikio alisema kutoka mlangoni.

"Wangapi wanajua?"

"Darasa zima. Lakini wanadhani ni mimi. Hawakujui."

"Yule mzee amenijua leo kwa kuniangalia usoni. Na nani tena?"

"Kuna video," Sikio alisema.

Mdogo wake aliacha kusugua. "Mama hajui," alisema. "Mume wangu hajui. Nimekaa na kitu hiki miaka minne, nikakupa wewe peke yako, ukaenda kukitumia kupata maksi."

"Si maksi, mdogo wangu..."

"Sasa ni nini? Niambie, wewe unayesomea mioyo ya watu. Ni nini?"

Sikio aliokota kitambaa cha vyombo kilichoanguka, akakitundika.

"Nenda ukawaambie uliiba," mdogo wake alisema mwishoni, bila kumtazama. "Usiseme ulimwibia nani. Sema tu kwamba si lako. Na hiyo video ifutwe."

Jumatatu asubuhi Sikio alisimama mbele ya meza ya mhadhiri kama mwanafunzi aliyekamatwa anaiba mtihani. Alieleza yote isipokuwa ni nani. Mhadhiri alimsikiliza hadi mwisho, akafungua kompyuta, akaitafuta ile video na kuifuta mbele yake. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma Sikio kuliko karipio.

"Ulilia kweli siku ile," mhadhiri alisema. "Nimekuwa katika kazi hii muda mrefu, najua. Ulikuwa unamlilia nani?"

Sikio alitazama sakafu. Kisha likamtoka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, wala kujiambia. "Nilikuwa na mtoto," alisema. "Pale kwenye kiti. Kwa dakika zile nilikuwa mama wa mtu. Walinipisha mlangoni, Mwalimu. Nilifurahi. Mwenye kisa alikuwa anaungua, na mimi nilikuwa naota moto wake."

Mhadhiri alifunga kompyuta. "Hilo ndilo lilikuwa lako," alisema. "Ndilo ulilopaswa kulileta."

Adhabu ikafuata. Mafunzo yake ya vitendo yalisogezwa mbele muhula mzima, na kabla ya kupewa mteja yeyote wa kweli ilimbidi yeye mwenyewe akae kwa mshauri, mlango umefungwa, bila kioo wala kamera. Hakulalamika. Kabla ya hapo alisimama mbele ya darasa. Alisema kisa kile hakikuwa chake, kwamba aliaminiwa nacho akakigawa, na kwamba hana mtoto. Vijana waliinamisha vichwa. Afande alivaa kofia yake akatoka nje.

Sikio alimkuta kwenye ngazi. "Mimi nilisema ya kwangu kwa sababu yako," Afande alisema.

"Najua."

"Yale yalikuwa ya kweli."

"Najua, Afande. Nisamehe."

Afande alivua ile kofia. "Nimekamata wezi wengi," alisema. "Hakuna aliyewahi kunifuata mwenyewe." Hakusema kama amemsamehe. Lakini muhula ulipoanza alikaa dawati lake lilelile, na siku moja alimnong'oneza kwamba amemwandikia binti yake ujumbe usio na swali hata moja ndani yake, na binti amejibu kwa neno moja. Hakumwambia neno lenyewe, na Sikio hakulitaka.

Alihitimu baada ya wenzake. Sasa ana chumba chake katika kituo cha afya, viti viwili vimewekwa upande upande. Watu wanapanga foleni. Kila anayeingia anamwambia kwanza kwamba yatakayosemwa humo yanabaki humo, na kila akisema hivyo sauti inamsaliti kidogo, kiasi kwamba msaidizi wake anadhani ana mafua ya kudumu.

Kwa mdogo wake mambo hayakurudi yalivyokuwa. Wanatembeleana. Wanazungumza bei ya sabuni, viatu vya Bosi vilivyombana, magoti ya mama yao. Mdogo mtu akianza sentensi yenye uzito, huiacha njiani na kuuliza kama chai ina sukari. Sikio anakunywa chai.

Kisha mwaka huu, kuanzia mvua zilipokatika, mdogo wake akaanza kumletea Bosi kila Alhamisi mchana, siku ambayo Sikio hayuko kazini. "Nishikie mpaka saa kumi," husema mlangoni, haingii. Mara ya kwanza Sikio alidhani ni sokoni, lakini hana kikapu. Akimrudia mtoto, macho yake yamevimba na mabega yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Sikio anayajua macho hayo. Anayaona kazini kila siku. Mjini kuna washauri wengine, wazuri tu, mmoja wao alisoma naye.

Alhamisi iliyopita Bosi, akichora gari sakafuni, aliuliza, "Mama Mkubwa, mama huwa anaenda wapi?"

"Sijui, Bosi."

"Muulize."

"Akitaka kusema atasema mwenyewe. Lete hilo gari nikusaidie magurudumu."

Saa kumi ikagonga, na hodi ikasikika. Mdogo wake alisimama mlangoni, akaomba maji. Sikio akampa. Aliyanywa yote, akarudisha glasi, akamshika mtoto mkono. "Asante, Dada," alisema. Ulimi wa Sikio uliwasha kwa maswali. Akabaki ameishika ile glasi tupu hadi walipokata kona.