Ndoo ya Bluu ya Kitangari

Jumatatu ya kwanza kazini niliingia Kitangari na cheti cha masomo ya jioni kutoka Masasi, nimekipiga pasi hadi kingeweza kusimama chenyewe. Mkuu wa Madrasa hakukitazama.

"Darasa la watu wazima limeshinda walimu watatu," alisema. "Ijumaa nitawasikiliza dhamiri. Wakikwama, urudi kwenu Mkomaindo."

Dhamiri, wanangu, ni maneno ya Kiarabu yanayosimama mahali pa majina: *ana* ni mimi, *anta* ni wewe mwanamume, *huwa* ni yule mwanamume, *hiya* ni yule mwanamke. Zipo kumi na nne, maana hata watu wawili wana zao za pekee. Mimi nilifundishwa kwa kidole: unamwonyesha mtu, unatamka. Basi nikamwita Mama Zuhura. "Mwonyeshe Saidi, useme *huwa*."

Mama akainamisha kichwa. Darasa likanyamaza hata nikasikia korosho zikidondoka Newala nzima.

"Mwalimu," akanong'ona jirani yake, "Saidi kamwoa Zuhura. Mtu amnyooshee kidole mkwewe?"

Saidi alikuwa keshatoroka kupitia dirishani! Kumbe nusu ya darasa ni wakwe wa nusu ya pili. Hadi Jumatano hakuna aliyeinua kidole.

Alhamisi nikaenda bombani, moyoni nimeshafunga mizigo. Foleni ya ndoo ilikaribia Msumbiji, wenyewe wako kivulini wanapiga soga. Nikatua yangu mbele ya ndoo ya bluu.

"We mwalimu! Hapo nimesimama mimi!"

"Shikamoo, Mama Zuhura. Mbona sikuoni hapa?"

"Marahaba. Na ndoo yangu huioni?"

Nusura niikumbatie ile ndoo.

Nikaagiza, na Ijumaa kila mtu alikuja na ndoo yake. Mama Zuhura akaielekezea kidole ndoo ya Saidi: "*Huwa!*" Saidi, uso kaugeuzia ukutani, akaionyesha ya bluu: "*Hiya!*" Zikatamkwa dhamiri zote kumi na nne, paa likatikisika.

"Kesho ulete na yako, Mwalimu," akasema Mkuu wa Madrasa. "Unabaki."

Nikabaki mpaka nilipostaafu. Juzi nilichelewa bombani, nikakuta foleni imesogea na ndoo yangu imesogezwa nayo. Nikauliza ni nani kanifadhili. Saidi, siku hizi naye ana mvi, hakutaja jina la mkwewe. Alitazama chini, akaielekezea kidole ndoo ya bluu.

"*Hiya*," akasema.