Kisima cha Kituntu na Kahawa ya Mgeni

Kazi yangu ilikuwa kubishana na karatasi. Ndivyo dada yangu alivyowaeleza majirani zake wa Kituntu, na sijapata kusikia maelezo bora zaidi. Katika ile miaka ya hamsini, kila idara ya serikali ya wenyeji huku Karagwe ilipotaka kujenga kitu, ililazimika kwanza kuleta makadirio: tukitumia kiasi hiki, watu watapata kiasi hiki, kwa muda huu. Makadirio yakifika mezani kwangu, nauliza. Nani kapima? Kapima lini? Kapima kwa nini? Makarani walinichukia, na wala hilo halikunikosesha usingizi. Mwaka ukipita, napanda baiskeli kwenda kuona kama yaliyoandikwa yametimia.

Nilijiona mkali kweli, wembe hasa. Basi sikilizeni wembe ulivyomkata mwenyewe.

Idara ya maji ilijenga kisima Kituntu, hatua chache tu kutoka kibanja cha dada. Makadirio yalisema kitazitosha kaya zote za upande ule mwaka mzima. Kilipotimiza mwaka nikaenda kukikagua. Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha kila siku, kisima kimejaa hadi raha. Nikaingia kwa dada na kaptula yangu ya pasi na kalamu mfukoni. Akatandaza majani mapya sakafuni, kama apokelewavyo mgeni wa heshima kwetu, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikatafuna punje mbili tatu, kisha nikamuuliza kisima kikoje.

"Kizuri sana," akasema. "Tunashukuru."

Nikazunguka nyumba nyingine. Kila nilipoingia, majani mapya, kahawa, kizuri sana, tunashukuru. Nikaandika kwamba kisima kinatumika na kinatosha, nikatia sahihi. Kwa nguvu ya sahihi hiyo, idara ya maji ikaomba visima vinne vya aina ileile kwa mwaka unaofuata, na karatasi zake zikaja kwangu nizipitishe.

Kabla sijazipitisha, mwezi wa Agosti, nilipita Kituntu nikitoka kumjulia hali mgonjwa. Njiani nikamwona mwanamke anapanda mlima kutoka bondeni, mtungi kichwani, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa dada. Mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu uzazi wake wa mwisho, na mimi nilijua hivyo.

"Shikamoo, dada. Maji haya ya wapi?"

"Marahaba. Ya mtoni."

"Na kisima?"

"Kisima kimekauka tangu mwezi wa saba. Hata mwaka jana kilikauka."

Nilikasirika, nami hasira zangu ziko karibu. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Akautua mtungi taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ulikuja mgeni wa serikali," akasema. "Nimekupa kahawa, umetafuna, halafu nikuambie zawadi yenu ni mbovu? Mimi nimelelewa wapi?"

Nami nimelelewa nyumba hiyohiyo. Kwa watu wetu, mgeni akishatafuna kahawa yako humpi neno la kumkera mpaka ameondoka. Nami nilikuwa nimepita nyumba baada ya nyumba nikikusanya adabu za watu na kuziandika kama ushahidi. Fundi aliyepima maji mwanzoni naye alipima wakati wa masika. Nikajitwika ule mtungi mpaka nyumbani kwake.

Siku mbili nilizunguka na zile karatasi za visima vinne. Nikizipitisha, hakuna atakayejua, na wanawake wa sehemu nne nyingine watatembea kama dada. Nikizikataa, lazima nikiri kwamba nilitia sahihi jambo lisilo kweli, na watu walifukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko hilo. Wanangu walikuwa wanasoma shule ya Bugene, na karo ilitoka kwenye mshahara wangu. Niliogopa, siwezi kusema vingine. Lakini mficha uchi hazai. Siku ya tatu nikaandika kwamba taarifa yangu ya Aprili si sahihi, kisima hukauka, na hivyo vinne visijengwe namna hiyo.

Mkuu wangu, Mzungu asiyependa maneno mengi, aliisoma mara mbili.

"Hii ya Aprili ni sahihi yako?"

"Ni yangu, bwana."

Akaiweka karatasi mezani. Kisha akauliza tufanye nini sasa, na nashukuru nilikuwa nimejiandaa. Maji yapimwe kiangazi. Kila tarakimu iandikwe aliyeipima na mwezi alioipima. Cha Kituntu kichimbwe zaidi, na badala ya vinne vifupi vichimbwe viwili virefu. Na mkaguzi asiingie nyumba ya mtu wala kutafuna kahawa kabla hajakwenda mwenyewe na wachotaji mpaka wanapochota. Akakubali yote. Makarani wakaiita kanuni ya kahawa, wakanicheka mwezi mzima, nami nikawaacha wacheke.

Agosti iliyofuata nikarudi kwa dada. Sakafuni hapakuwa na majani mapya, wala kikapu sikukiona. Alinipokea mlangoni akanipa mtungi.

"Kachote kwanza."

Nikaenda na kaptula yangu ya pasi. Wanawake waliokuwa kisimani walicheka mpaka wakashikana mabega, mwanamume mzima na mtungi. Lakini maji yalikuwepo, mengi, katikati ya kiangazi. Nilirudi shati limelowa. Dada akaupokea mtungi, akautazama, akautua chini.

"Maji yapo," akasema. "Ila yale mawe mliyoweka yanateleza. Mke wa jirani ameshaanguka mara mbili. Andika."

Nikatoa kalamu nikaandika, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Ndipo akaingia ndani kuniletea kahawa.