Siku Baba Alipowaeleza Wakwe Ioni

Mimi ni fundi wa setilaiti. Hapa Ihanda nikisema hivyo napewa heshima zote, kisha naulizwa kama naweza kutengeneza dishi. Lakini siku wakwe walipotoka Isongole kuja kunichumbia, heshima iliisha kabla ya chai. Mjomba wa mchumba wangu, mfanyabiashara wa mpakani Tunduma na msemaji wa ukoo wao, alisema bayana: niache kazi hiyo ya ughaibuni nihamie Isongole, au wanyanyuke waende zao.

Nilikuwa chumba cha ndani, nasikia kila kitu na kuchungulia penye pazia la mlango. Kwetu binti haongei posa ikizungumzwa. Huitwa aulizwe kama anawafahamu wageni, akajibu, maana kuwafahamu ndiko kuikubali posa, akarudi alikotoka. Nilimpenda mchumba wangu, mwalimu wa shule, na kazi yangu niliipenda vilevile. Sasa vyote viwili vilikuwa mdomoni mwa baba, mkulima wa kahawa niliyemweleza ioni, chembe zenye chaji ya umeme, mara moja tu, kwa simu, mtandao ukikatikakatika.

Baba hakutetereka. Akaomba mahindi na ulezi, akavimwaga mezani kando ya sahani.

“Setilaiti ndiyo hii sahani,” akasema. “Injini yake inarusha ioni nyuma, chombo kinasonga mbele.” Akapiga punje ya hindi kwa kidole, ikampata mjomba kifuani. “Lakini ioni zina chaji ya aina moja. Zikitoka peke yao, chombo kinabaki na chaji ya kinyume, kinazivuta, zinageuka kukirudia. Binti yangu anatengeneza kifaa cha kutuma hizi ndogo za ulezi, elektroni, ziandamane nazo. Zikiwa pamoja zinatulia, zinakwenda zao.”

Nilitaka kupiga kigelegele. Mzee wangu hakukosea hata nukta.

Hapo kuku akarukia meza, akaanza kula elektroni.

“Mfukuzeni, zitarudi!” akafoka mjomba, amejikinga uso kwa kofia. Wazee wazima, wamevaa suti za kanisani, wakamkimbiza kuku sebule nzima mpaka akatorokea dirishani. Mjomba aliketi akihema.

“Kwa hiyo inayotoka haizuiwi,” akasema polepole. “Inafuatwa.”

“Ndivyo,” akasema baba.

“Basi kijana wetu amfuate.”

Alipogundua amesema nini, wazee wa pande zote mbili walikwisha kuitikia, na neno la msemaji likishadondoka mbele ya wakwe haliokotwi. Alibaki ameikodolea macho sahani kana kwamba ndiyo iliyosema.

Nikaitwa. Nikaulizwa kama nawafahamu wageni, nikasema nawafahamu. Nilipogeuka kurudi ndani, mama wa mchumba wangu, aliyeketi nyuma ya wazee wao, akanishika mkono.

“Mwanangu, na hicho chombo kilichotuma vyote viwili, chenyewe kinakuwaje?”

Desturi haikuniruhusu jibu la pili, lakini hakuna aliyenizuia. Ningeweza kumdanganya. Nilitamani kumdanganya.

“Kinakwenda upande mwingine, mama,” nikasema. “Kadiri vinavyotoka, ndivyo kinavyozidi kuwa mbali navyo.”

Akatikisa kichwa taratibu, mkono wangu bado ameushika. Kisha akaniuliza huko ninakoishi baridi ni kali kiasi gani, maana mwanawe kifua humbana.