Feni ya Bi Zuhura

Nichekeni, lakini mimi nimeshajicheka zaidi yenu. Mimi hupiga kinanda kwenye taarabu za harusi hapa Mombasa. Juzijuzi nikapata kanda ya zamani ya Bi Zuhura wa mtaa wa Kuze, aliyekuwa akipiga kinanda cha umeme kwenye harusi za wanawake. Sauti ya kinanda chake ilitikisika kama ya mtu anayezuia kilio. Nywele zilinisimama.

Wiki tatu nzima nilishinda na sinthesaiza yangu mpya, kinanda kinachoweza kuunda sauti za kila namna, nikiuandama ule mtikisiko mpaka nikaupata. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi kama naenda kuposa, nikabeba vyombo hadi kwake, nikamwamkia yeye na binti zake, nikampigia.

"Bi Zuhura, nimeifufua sauti yako," nikajigamba. "Siri yote ilikuwa kwenye huu mtikisiko."

Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatabasamu.

"Mwanangu, hiyo ni feni. Siku ile ya kurekodi palikuwa na joto, tukaiweka mbele ya spika, sauti ikawa yapita kwenye mapanga yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akakivuta kinanda, akaniamuru nizime madoido yangu yote, akapiga kwa ile sauti kavu kilichokuja nayo kutoka dukani. Subhanallah! Kilio kilekile cha kwenye kanda kikajaa sebuleni, na machozi yakanitoka mbele ya binti zake.

Alipomaliza, akanirudishia kinanda changu.

"Feni umeiweza, mwanangu," alisema. "Sasa jifunze kinanda."